Mwosha Hajaitwa

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimeosha maiti leo asubuhi, hapa hapa Mtongwe. Mwanamke mzee. Jina siandiki, hata humu ndani ya daftari langu siandiki. Anachokiona mwosha juu ya maiti huzikwa na maiti. Ndivyo alivyonifundisha mamangu, na mwaka wa arobaini huu sijavunja.

Lakini nimerudi nyumbani, sahani nimeifunika. Mgongo ule! Na mabinti ukumbini wanalia, eti tulimlea mama kama yai. Nikainamisha kichwa, nikafunga ndoo yangu, nikatoka. Huyu ni wa nne tangu Idi iliyopita. Wote wazee waliolala kitandani muda mrefu, wote wa nyumba za heshima, wote na vidonda vya kulala. Sasa basi! Maiti siwezi kuwasemea. Walio hai je?

Jumatano, 5 Februari

Mwikali amepita jioni. Ni nesi wa zahanati, kapanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mkamba, mcheshi, ananiita shosho, yaani bibi, hata nikimkemea. Nimemuuliza habari za vidonda, naye hakuniuliza ni vya nani. Ana akili huyu. Anasema mtu asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, na kazi hiyo ni ya watu wawili, si ya mkamwana mmoja. Kidonda kikifika mfupani, sumu huingia kwenye damu. Hapo ni kuagana.

Yuko tayari kuwafundisha wanawake wa mtaa kila Jumamosi, bure, akipata mahali. Mahali papo! Chumba cha wakfu, ubavuni mwa msikiti. Kina bomba la maji, kina madirisha mawili, na kimejaa viti vya plastiki vilivyovunjika miguu. Wazee wangeshinda pale mchana, waogeshwe, wageuzwe, wapige gumzo. Wasioweza kutoka tungewafuata majumbani wawili wawili. Ijumaa naenda kwa kamati ya msikiti. Wataniambia nimechanganyikiwa. Na wajaribu.

Ijumaa, 7 Februari

Wamekataa.

Mzee Faki, mwenyekiti, angalau alinisikiliza mpaka mwisho. Aliyesimama kunijibu ni katibu. Junaid! Junaid wa shoga yangu Ummulkheir, niliyemnywesha uji kwa mkono huu hadi akaniita khalati, mama mdogo wake. "Khalati Salme, kwetu hakuna mzee alotupwa. Mambo ya nyumba za wazee si yetu. Mamangu yuko kwangu, hakukosa kitu. Tukifungua chumba hicho, watu watasema wana wa Mtongwe wameshindwa na wazazi wao." Wote wakaitikia kwa vichwa.

Nikamuuliza, nani humgeuza mamako? "Yuko mke wangu." Yuko mke wangu! Hanan ana watoto watatu, wa mwisho angali ananyonya. Nikamuuliza tena, na wewe mara ya mwisho ulimgeuza lini? Akafunua kurasa za daftari la kamati. Mmoja akakohoa. Mkutano ukafungwa kwa dua, tena ndefu.

Nilitaka kuyamwaga yote niliyoyaona miaka hii. Ulimi ulifika mlangoni ukarudi. Siri ni siri. Nimeumia, wallahi.

Jumapili, 9 Februari

Nimekwenda kumtazama Ummulkheir. Tulikaa mkeka mmoja katika chuo cha Kurani, akiniibia halua yangu na kuniapia kuwa ni paka. Amepigwa na kiharusi tangu mfungo sita, mwezi wa maulidi. Maneno hana. Mkono wa kushoto unafanya kazi, na macho yake ni yale yale ya mwizi wa halua.

Wamempaka wanja. Kanga mpya, shuka imenyooshwa haina kunyanzi. Na udi! Chumba chote moshi, macho yanawasha. Saa sita mchana, nani hufukiza udi saa sita mchana? Pua hii haidanganyiki. Chini ya udi ule kuna harufu ninayoijua.

Nimemwomba Hanan nitazame mgongo. Akatazama mlango kwanza. "Bi Salme, Junaid amekataza. Asema ni aibu mama kufunuliwa." Kisha akalia, mtoto begani. Anamgeuza peke yake akiweza, na asipoweza anamwacha na kumwomba radhi. Simlaumu. Nimlaumu vipi? Ana mikono miwili tu.

Nilipoinuka, Ummulkheir alikishika kidole changu asikiachie. Ilibidi Hanan anisaidie kukitoa.

Jumatatu, 10 Februari

Junaid amenipigia simu. Adabu tupu. Shikamoo khalati, hali yako khalati. Mama amechoka na wageni, tumwache apumzike mpaka baada ya Ramadhani.

Baada ya Ramadhani nitakuwa nimeitwa kumwosha.

Jumanne, 11 Februari

Mficha maradhi kilio humfichua. Sote twaisema methali hiyo, kisha twakaa kukingoja kilio!

Nilikuwa nafua, mikono imo ndani ya povu, ndipo ikanijia. Siri ya maiti nimeiweka na nitaiweka hadi na mimi nioshwe. Lakini Ummulkheir hajafa! Hakuna siri iliyonifunga mdomo juu ya mtu anayepumua. Kwa nini sikuliona hili Ijumaa? Mjinga mimi, uzee na ujinga vimekutana.

Mwikali yuko mapumzikoni Alhamisi. Hanan nimemtumia ujumbe kwenye simu. Amejibu neno moja: Njooni.

Alhamisi, 13 Februari

Naandikia chumbani kwa Ummulkheir. Mkono mmoja tu, wa pili kaushika mwenyewe.

Nilitoka nyumbani saa nne asubuhi na ndoo yangu ya buluu. Ndoo nyingine sina, na mtaa mzima unajua ikitoka kuna nini. Muuza mbaazi akafunika sufuria. Wanaume barazani wakasimama. "Bi Salme, waenda kwa nani?" Nikasema, kwa Ummulkheir. Sikuongeza neno. "Innaa lillahi!" Maneno hayo yalikuwa yao, si yangu. Mwikali nyuma yangu anajiziba kicheko kwa leso.

Hanan akafungua, akafunga kwa ufunguo.

Tumemwosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, taratibu. Kidonda kiko juu ya makalio, kinaingia kiganja changu. Mwikali ametazama vizuri, akasema mfupa bado. Bado! Amekisafisha, amekifunga. Mgonjwa atakwenda hospitali leo hii, na akirudi atageuzwa kila saa mbili. Ummulkheir alilia alipoguswa. Miaka arobaini nikiosha, sijasikia anayeoshwa akilia. Nikalia na mimi, sikuona haya.

Huko nje mtaa umejaa. Mabenchi yamekuja, wanawake wamejitanda leso, kuna aliyeleta sufuria kubwa ya matanga. Nahesabu kupitia pazia: ishirini na watatu. Wamekuja kulia, na mikono yote hiyo mitupu!

Kisha Junaid. Amekimbia kutoka dukani, kila hatua anapewa pole. Akaupiga mlango kwa ngumi. "Khalati! Mamangu hakufa!"

"Najua, mwanangu. Safari hii nimewahi."

"Watu wamejaa, khalati! Watasemaje?"

Nikamwambia, kupitia tundu la ufunguo, kwamba mamake ana kidonda na kinaweza kupona, na kwamba nahitaji wanawake wanne wa kumwinua na wawili wa zamu ya alasiri, na wako hapo mlangoni pake. Na yeye mwenyewe, nataka mikono yake. Ngumi zimenyamaza. Sasa nasikia pumzi zake tu, na mtu anayemwambia shukuru Mungu.

Hanan amesimama na ufunguo, ananitazama. Nusura nimwambie fungua. Lakini mwili si wangu, wala si wa Junaid. Maiti hatuwaulizi. Huyu anaulizika.

Nimeinama sikioni mwake. Ummu, nje kuna watu. Wakiingia watakiona kidonda. Kama hutaki, mlango utakaa hivi hivi hadi jioni na mwanao ataning'oa meno. Kama wataka, nibinye.

Macho yake yalikwenda kwenye mlango. Yakakaa huko.

Amenibinya. Mkono mmoja tu uliobaki, tena wa kushoto, na kidogo anivunje kidole.