Shangazi na Mfereji wa Junda

Shikamoo mama yangu. Huku Junda joto limepungua, na mbaazi za shangazi Mwanaisha zina tui zito mpaka kijiko kinasimama.

Jana baada ya alasiri alinipeleka kwenye baraza la mtaa, watu waamue mfereji mpya wa kuchotea maji utawekwa wapi. Wamejitungia sharti: husemi lako mpaka urudie aliyosema mwenzako, naye akiri kwamba ndivyo. Shangazi, unavyomjua, akasimama. Aliyemtangulia kusema ni Mama Kadzo wa kule chini, na hao wawili hawasalimiani tangu mwaka jana.

"Amesema autaka mlangoni kwake," akasema shangazi.

"Sivyo."

"Basi amesema sisi wa huku juu tuna choyo."

"Sivyo pia."

Wallahi nilidhani shangazi atajitwalia viatu aondoke. Akaketi, akamwomba Mama Kadzo aseme tena, na safari hii akamsikiliza.

"Amesema mama mkwe wake hawezi tena kupanda mteremko na ndoo kufuata maji huku juu," akasema polepole, "na siku nyingine hulala bila kuoga."

"Ndivyo," akajibu Mama Kadzo.

Sasa ilikuwa zamu ya shangazi kusema lake. Akasema hana. Mfereji utawekwa chini.

Nitafika Jumapili inshallah, na mahamri yako. Mama, yale uliyokuwa ukiniambia siku naondoka, nakuomba uniambie tena. Nilikujibu kabla hujamaliza.

Mwanao akupendaye,
Zuhura