Siku Waliyomfungia Fide Stoo

Mama,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwako, hapa Matogoro. Keshokutwa naolewa na Beda, yule mwalimu uliyemwona mara moja kwenye jumuiya. Nusura ndoa isiwe, na tangu tukuzike sina mwingine wa kumweleza ilivyokuwa.

Tangu biashara iachiwe huru na ushirika uache kununua mahindi yetu, Baba Mdogo amekuwa mfanyabiashara. Mahindi anayokusanya anamuuzia baba yake Beda, mwenye lori. Kwa hiyo tulipopata habari kwamba washenga wanakuja, aliniita pembeni.

"Kaka yako asionekane. Watasema ukoo wetu una laana."

Nikamkumbusha kwamba sista wa zahanati alishatueleza: Fide alizaliwa na hali inayoitwa Down, si laana, na hakuna wa kulaumiwa. Nikasema, "Mama hakuwahi kumficha."

"Mama yako amekufa," akanijibu.

Nikaondoka, Mama.

Siku yenyewe, mimi nikiwa jikoni, Baba Mdogo alimwingiza Fide kwenye stoo ya mahindi akatia kufuli. Fide alikuwa ameshavaa shati lake jeupe la Jumapili. Mtu mzima, amepita miaka thelathini. Kila mgeni aliyeingia nyumba hii wakati wako, yeye ndiye aliyempokea.

Washenga wakaketi. Nikaanza kumsikia anagonga. Hakupiga kelele. Aligonga, akanyamaza, akagonga tena, kama ulivyomfundisha kubisha hodi.

Mgeni mmoja akauliza, "Kuna mtu huko nyuma?"

"Mbuzi," akasema Baba Mdogo.

Mbuzi, Mama.

Nikaitwa sebuleni kuulizwa kama posa ipokelewe. Nilipiga magoti. "Shikamooni wazee. Siwezi kujibu kaka yangu hayupo. Amefungiwa stoo. Ufunguo anao Baba Mdogo."

Baba Mdogo alinitazama, nikajua kama wageni wasingekuwepo angenipiga. Mshenga mkubwa akamgeukia, akasema taratibu, "Mfungulie."

Fide alitoka na vumbi la mahindi kichwani. Akawaamkia mmoja mmoja kwa mkono. Wa mwisho akaurudisha mkono wake nyuma. Fide hakuondoka. Alisimama mbele yake, mkono ameunyoosha, anamtazama, na sisi wote tunatazama, mpaka yule bwana akaona aibu akaupokea. Kisha Fide akaja kukaa karibu yangu, akasema kwa ile sauti yake nzito, "Tekla akitaka... mimi sawa."

Nikasema posa naipokea. Wao wakasema wanakwenda kuzungumza kwanza. Waliondoka hata togwa hawajanywa.

Siku zikapita, hakuna salamu wala mtu. Baba Mdogo alisema nimemharibia biashara na nimejiharibia maisha. Mchana nilimjibu kwa ukali. Jioni nilijiuliza kama hakusema kweli.

Ndipo mama yake Beda akaja peke yake kutoka Ruhuwiko. Alimkuta Fide uani anapukuchua mahindi, akaketi, akamsaidia. Wakaongea mambo yao. Baadaye akaniuliza, "Ukiolewa, huyu anabaki na nani?"

"Nakuja naye, mama."

Akaendelea kupukuchua. Nikajua ndiyo basi, yamekwisha. Akamaliza gunzi lake, akalitupa, akasema, "Basi Beda aongeze chumba."

Niliingia ndani nikalia.

Sasa Baba Mdogo anasema hakanyagi kanisani kama Fide ndiye atakayenisindikiza hadi altareni. Paroko amesema wa kunisindikiza nachagua mimi. Nimemchagua Fide. Naogopa, Mama, sikufichi. Naogopa minong'ono, naogopa atakayecheka. Yeye haogopi. Hapa ninapoandika namsikia uani, anafanya mazoezi ya kutembea polepole, anajihesabia hatua kwa sauti, anakosea, anaanza upya.

Pumzika, Mama yangu. Nakuahidi hili moja: atakayenialika mimi, ajue amemwalika na Fide.

Mwanao,
Tekla