Aliyezidi Chini ya Mashuka

Dada yangu mpendwa,

Nakujulia hali wewe, shemeji na watoto. Goti la Mama linaendeleaje? Sisi tu wazima, ila mwanao anaota meno, na mimi usingizi nausikia kwa majirani tu.

Huku jumuiya imepata kizaazaa. Unakumbuka tulivyolelewa: kwenye sala kila mtu anajifunika shuka jeupe gubigubi, ili asijulikane nani mkubwa nani mdogo, na vichanga wanapitishwa kutoka paja hadi paja. Siku hizi mashuka nafua mimi. Juzi mlinda mlango wa nyumba ya sala alinifuata uani nikianika, akauliza mbona mashuka machafu yanazidi waumini. Nikamjibu mimi nafua tu, sizai mashuka. Hakucheka.

Basi maneno yakaanza. Wengine wakasema huyo aliyezidi ni mpelelezi. Fundi cherehani akasema huenda ni malaika. Mume wangu akamuuliza malaika gani anakohoa vile katikati ya sala. Mimi nami nikashikwa na udaku, kila sala nachungulia miguu ya watu.

Jumamosi mtoto alilia mpaka nikaona haya. Akapitishwa safu nzima, wapi. Alipofika kwa mtu wa mwisho, ukutani, kimya. Nikasogea nimjue huyo fundi wa kubembeleza. Mtoto akavuta shuka, likateleza.

Dada, alikuwa Mama.

Zile sindano za goti anazokuaga kwamba anaenda kuchomwa kila Jumamosi, kumbe anakuja huku. Tangu wanajumuiya walipomtenga kwa kuhudhuria harusi yako, ulipoolewa na mtu wa nje, sote tulidhani ameshawasahau. Nilimfunika upesi. Akaninong'oneza nisikwambie, usije ukafikiri anajutia harusi yako. Hajutii hata kidogo. Anatamani tu kukaa kimya na watu wake.

Ningenyamaza, lakini jana mlinda mlango alitangaza kwamba Jumamosi hii kila mtu ataonyesha uso mlangoni, na asiyehusika atatolewa mbele ya wote. Mume wangu anataka Mama aambiwe asije. Nimekataa. Mweleze yote, achague mwenyewe. Akitaka kuja, asije kwa kujificha tena: mlete wewe, umshike mkono. Wakimtoa, natoka naye, na sirudi.

Wabusu watoto, msalimie shemeji, na umwambie asikuzuie.

Nitawangoja mlangoni, uso wazi.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Kibonge