Ameniuliza Pembeni ya Faili, na Wenzetu Wote Wamesoma

Kwako mshauri wetu, kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma ukurasa wako wakati wa chai na kuwacheka wanaokuandikia, nikijiuliza mtu mzima anajiingizaje kwenye mambo kama hayo, basi leo zamu imenifikia mimi, nisaidie.

Mimi ni mkutubi, nina miaka hamsini na mitatu, mume wangu alifariki miaka tisa iliyopita na watoto wangu wawili wana nyumba zao. Kazi yangu ni kupokea vitabu vipya, kuvipa namba na kuviingiza kwenye orodha ili msomaji akivitafuta avipate, ni kazi ya kimya na naipenda hivyohivyo, na pale maktaba tuko watu kumi na wawili ukimhesabu mlinzi. Mwanzoni mwa mwaka mkuu wetu alituita akasema wasomaji wamehamia kwenye simu na sisi lazima tuwafuate hukohuko, kwa hiyo kila Jumatano asubuhi, kabla ya kufungua milango, tutafundishwa mitandao ya kijamii na namna ya kufanya kazi pamoja kwenye intaneti, wote bila kubagua. Mwalimu alikuwa binti mpole kutoka makao makuu, rika la mwanangu wa mwisho, na nakiri mbele yako kwamba siku ya kwanza nilitafuta ugonjwa wa kunipeleka zahanati.

Lakini mshauri, ungetuona ungefurahi. Dada wa mapokezi aliweka kwenye ukurasa wa maktaba salamu za siku ya kuzaliwa ya mdogo wake, akidhani yuko kwenye ukurasa wake mwenyewe, na wasomaji thelathini wasiomjua wakampongeza yule mdogo mtu na kumtakia maisha marefu. Mlinzi, ambaye hatukumtegemea, ndiye aliyeelewa kila kitu wa kwanza, akawa anazunguka meza zetu mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani. Mimi nilifundishwa kurusha matangazo ya moja kwa moja, nikabonyeza, nikaona simu haifanyi kitu nikaitia mfukoni, kumbe kwa dakika kumi na moja watu arobaini na sita walikuwa wanatazama giza la mfuko wangu na kunisikiliza nikimsimulia mwenzangu jinsi viatu vipya vinavyonibana, na mmoja wao akaniandikia nivijaze magazeti yaliyoloana, nikafanya hivyo na kweli vikalegea.

Sasa ndipo mwalimu akatugawa wawiliwawili. Alitengeneza faili moja la pamoja kwenye intaneti, ambalo kila mtu analifungua kwenye kompyuta yake na kuandika humo na wenzake kwa wakati mmoja, ndani yake mna ratiba ya mambo ya kuweka kwenye ukurasa wiki nzima na kila kundi lina sehemu yake. Mimi nikapangwa na fundi wetu wa vitabu, anayeshona na kubandika vitabu vilivyochanika kwenye chumba cha chini, wote tunamwita Gundi na nadhani hata yeye jina lake halisi ameshalisahau. Naye alifiwa na mkewe zamani. Tumefanya kazi jengo moja miaka kumi na saba na hatukuwahi kuvuka salamu, maana yeye yuko chini mimi niko juu, na si mtu wa maneno. Tukaamua kila Ijumaa tuwaonyeshe wasomaji kitabu kimoja kilichofika hoi na jinsi alivyokiponya, yeye apige picha mimi niandike maelezo, na watu wakapenda mpaka tukashangaa, kuna mzee alirudisha kitabu alichokaa nacho miaka sita akiomba kitibiwe na kisemwe vizuri kwenye ukurasa.

Humo kwenye faili mwalimu alitufundisha kuandika maoni ya pembeni, yaani unagusa sentensi ya mwenzako halafu unamwandikia neno kando yake. Gundi akaanza kwa kunisahihisha kwamba nilichokiita jalada ni mgongo wa kitabu. Nikamshukuru. Akaandika kwamba maelezo yangu ameyasoma mara tatu. Nikamuuliza kwa nini mara tatu, akasema mara ya kwanza kwa ajili ya kazi. Basi ikawa hivyo kila siku, tukatoka kwenye vitabu tukaingia kwenye magoti yanayouma, kwenye watoto wasiopiga simu, na siku moja aliniandikia kwamba akila chakula chake huwasha redio ili ndani kuwe na sauti ya mtu mwingine, nikaisoma sentensi ile nikashindwa kuendelea na namba za vitabu mpaka saa sita. Kila tulipomaliza mazungumzo tulibonyeza alama ya vyema na maoni yakatoweka, na mimi nikaamini yamefutika kama chaki ubaoni.

Mshauri, hayafutiki. Jumatano ya sita, mafunzo ya mwisho, mwalimu aliwasha projekta akatuonyesha namna ya kuyafungua maoni yote ya nyuma, na yakaanza kushuka ukutani moja baada ya jingine, herufi kubwa kama kiganja changu, jina langu, jina lake, magoti, redio, mara tatu, yote. Binti wa watu akabonyeza huku na huku akitafuta pa kuyafungia. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Dada wa mapokezi akanishika mkono akaninong'oneza, "Tunajua tangu wiki ya pili. Hatukutaka kuwasumbua." Na mkuu wetu, kwa kuwa faili ni lake, alikuwa akiletewa kila neno kwa baruapepe tangu mwanzo, naye anaapa alikuwa akiyaweka kando bila kuyafungua.

Gundi alikuwa amekaa nyuma, akainuka akashuka chumbani kwake. Nikajua basi, aibu imemshinda, yameisha. Niliporudi mezani kwangu nikakuta maoni mapya kwenye ratiba ya Ijumaa, ameyaandika akijua kabisa kwamba jengo zima linasoma, "Nastaafu mwezi wa nane. Kabla sijaondoka naomba nije kwenu na ndugu zangu, kwa adabu, kama utaniruhusu. Haya sitayabonyezea alama."

Leo ni siku ya tisa na sijajibu. Kila asubuhi wenzangu wanalifungua lile faili, naona viduara vya rangi vyenye majina yao vikiingia pale juu, vikikaa kidogo, vikitoka. Naingilia mlango wa nyuma, wa kupokelea maboksi. Ijumaa iliyopita sikuandika maelezo, yeye akaweka picha tupu, na wasomaji wanauliza maneno yako wapi. Binti yangu hajui lolote. Nimeshajaza fomu ya kuomba uhamisho kwenda tawi jingine, iko kwenye mkoba, kwa sababu najua watu watasema mama mzima kapelekwa kufundishwa intaneti akaenda kujitafutia mume. Nipeleke hiyo fomu, au nimwombe mkuu alifute faili lote, au nifanye nini?

Mkutubi wa ghorofa ya juu

Mshauri anajibu:

Mama, barua yako ni ndefu na nimeisoma yote, tena mara mbili, ya pili kwa raha zangu. Nimetafuta humo mahali uliposema kwamba mwanaume huyu humtaki. Sikupaona. Umeniuliza habari za fomu na habari za faili, umenieleza mpaka mlango wa maboksi, ila swali alilokuuliza yeye umelizunguka kama shimo barabarani.

Pole kwanza. Kuona maneno yako ya ndani yamepanda ukutani mbele ya watu unaokunywa nao chai si jambo dogo. Ningekuwa mimi ningetafuta meza ya kuingia chini yake.

Sasa nikugombeze. Siku tisa? Mtu ambaye kwa miaka kumi na saba hakuongeza neno juu ya salamu ameandika alichoandika mbele ya wafanyakazi wote, na wewe unapita mlango wa nyuma. Aibu ilikuwa yenu wawili, na yeye ameibeba yake na yako. Unadhani anafanya nini huko chini? Anadhani amekukosea. Kila siku unayokaa kimya anazidi kuamini hivyo, na hilo halikustahili kumpata mtu mpole.

Hao wenzako unaotaka kuwakimbia, walijua mwezi mzima na wakanyamaza. Unajua ni kazi kiasi gani kwa watu kumi kunyamazia jambo tamu kama hili? Watu wa namna hiyo hawakimbiwi. Na hao wa nje watakaosema, waache waseme. Watasema siku tatu, wiki ikizidi, halafu atatokea mwingine wa kusemwa. Wakikuambia ulijifunza intaneti ukapata mume, wajibu kwamba mafunzo yalikuwa mazuri.

Nisikilize basi. Fomu ichane leo. Mpigie binti yako, kwa sauti, usimtumie ujumbe, asije akayasikia kwa mtu wa tatu. Usimwombe ruhusa, wewe ndiye mama, mpe habari tu. Kisha shuka ngazi. Kwenye faili usijibu hata herufi moja. Yeye ameandika huko kwa sababu ndiko alikozoea kukupata, wewe mpe jibu lako kwa mdomo, akikuona uso. Kama ni ndiyo, sema ndiyo. Kama ni hapana, iseme kwa upole na uiseme mapema. Kama unataka muda, mwambie hivyo na umtajie siku. Faili msilifute, ni kazi ya watu kumi na wawili na haina kosa lolote. Mwambieni yule mwalimu arudi Jumatano moja awafundishe namna watu wawili wanavyoandikiana wakasoma wawili tu, maana hilo ndilo somo alilolisahau.

Na Ijumaa hii andika maelezo ya kitabu. Wasomaji wanasubiri.

Jibu hili nilimtumia mwenye barua siku ileile ilipofika, sikuona haki mtu akae chumba cha chini akingoja gazeti litoke. Ameniandikia tena, na kwa ruhusa yake nayaweka hapa maneno yake:

"Mshauri, binti yangu swali lake la kwanza lilikuwa kama huyo mtu anakoroma. Nikamwambia nitajuaje mimi. Akasema, basi ni mtu wa heshima, nitakuja siku hiyo kupika. Nikashuka. Nilimkuta ameinama juu ya kamusi iliyokatika vipande viwili, nikamwambia nimekuja kumjibu. Akasema, 'Ngoja kwanza ninawe mikono.' Akanawa taratibu mpaka kwenye viwiko, akajifuta, akavuta kiti akanikalisha, yeye akabaki amesimama mbele yangu kama mtu aliyeitwa ofisini. 'Haya,' akasema, 'nasikiliza.' Nikamwambia aje Jumapili, na ndugu zake wote."