Serizi za muzee wangu

Siku ya posho, Jumamosi

Furaha, muke wa mutoto wangu, mikono yako iko mibaya kuliko ndege! Ulichuna serizi, matunda yetu madogo ya kuiva nyeusi, zingali nyekundu, ati ndege zisizimalize. Muzee wangu, bwana yangu mwenye kupanda ule muti, akazitema, zilikuwa kali. Na tangu ugonjwa umulaze, hata uji anakataa. Naogopa atakufa, niandike tu.

Nikafunika muti na wavu wa zamani wa kuvulia sambaza, zile samaki ndogo, nikangoja. Leo moja ilikaribia kuwa nyeusi. Nikaweka kiganja chini, nikaigusa kidogo. Sikuvuta. Ikajileta yenyewe! Mungu wangu, nani alifundisha muti vile?

Nikaipeleka kwa kitanda. Muzee akameza, akafunga macho. «Maman, kumbe iko sukari. Leta ingine.»

Ingine! Yeye, kuomba chakula!

Furaha, kesho usivute hata moja. Weka kiganja, ungoje.