Nimefunga Bendeji Mkono Usiouma

Shangazi Bilha,

Pokea salamu kutoka Kitale, na mimi nakuandikia nikiwa nimekwama, naomba unikwamue kabla ya Jumamosi na tafadhali jina langu ulifiche. Mimi ni msichana wa hapa Kitale, wazazi wangu walihamia huku kutoka Nyeri kabla nizaliwe, na kazi yangu ni kucheza handiboli, ule mpira wa mikono, ndiyo kazi inanilisha, na ujue kwamba mimi ni mashoto, naandika na kushoto, narusha na kushoto, na kocha huniweka winga wa kulia kwa sababu mtu wa mkono wa kulia akisimama ile kona goli halioni vizuri, lakini mimi naliona lote, ndiyo maana klabu moja kubwa ya Nairobi inamtuma kocha wao pale Bungoma Jumamosi hii aje kuniangalia, na wamesema wazi wanatafuta mashoto.

Sasa Shangazi, nina mchumba anaitwa Kipngetich, kwao ni Kapsokwony, tunafunga ndoa Desemba, na siku ya kwanza kunipeleka kwao aliniambia tukiwa juu ya bodaboda kwamba nyanyake, Kogo Rosaline, hapokei kitu kutoka mkono wa kushoto, ati kuna msichana wa jirani aliyechumbiwa na binamu yake, alimpatia Kogo chai na kushoto, na uchumba ukaishia hapo hapo kwa kikombe. Niliogopa, kwa sababu mkono wangu hauniulizi, unajiendea tu, basi nikatoa bendeji kwa begi ya mazoezi nikajifunga huo wa kushoto ili unikumbushe, sikuwa na nia ya kudanganya mtu. Lakini kufika tu, mamake Kipngetich akaniuliza nimepatwa na nini, na mdomo wangu ukasema nimeteguka mchezoni.

Walinihurumia hadi nikaona aibu. Nilikatazwa kushika mwiko, nikakatazwa kuosha vyombo, na babake Kipngetich akamwita mzee mmoja anayeunga mifupa, mzee Job, akaukanda huo mkono mzima nikalia machozi ya kweli, kisha akatangaza kwamba kuna mfupa ulikuwa umetoka na ameurudisha. Jumapili akina mama wa kanisa wakaniombea kwa jina.

Ziara ya pili nilichelewa, nikajifunga haraka nyuma ya duka pale stejini, na wewe Shangazi niambie, mashoto akijifunga bendeji mwenyewe atatumia mkono gani? Nilifika nimefunga wa kulia, na nilijua nikiwa tayari nimeketi kwa kiti na nyumba nzima inanitazama. Babake Kipngetich akauliza polepole kama haukuwa ule mwingine, Kipngetich akaangalia dari, mzee Job akaitwa tena, akasema maumivu yamehama, akanikanda mabega yote mawili ili yasirudi yalikotoka.

Sasa Kogo ameambiwa kuna mechi, na yeye na hao akina mama wamekodisha gari washuke Bungoma wamwombe kocha wangu anipumzishe. Kipngetich anasema nicheze na kulia. Nimejaribu mazoezini, mpira wa kwanza ukaingia jikoni ya shule, wa pili ukampata kocha kwa sikio, akaniuliza kama nimelewa. Nikicheza na kushoto Kogo ataona uongo wangu wote, nikicheza na kulia Nairobi ndiyo kwaheri, na kinachoniuma zaidi ni kwamba Kogo nampenda, tukiagana huushika huo mkono wa bendeji kama mtu ameshika yai. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mwenye Bendeji, Kitale.

*

Mwenye Bendeji,

Nimecheka kwanza, ndipo nikasema pole. Utanisamehe kwa huo mpangilio.

Uliniomba nifiche jina lako, nikalificha. Lakini jina la mchumba umeandika, la kwao umeandika, la nyanyake na la mzee wa mifupa pia, nami nikayasoma yote hewani Jumatatu asubuhi kwa sababu hukunikataza. Wimbo haujaisha, simu ikaingia kutoka Kapsokwony. Alikuwa Kogo Rosaline. Keti kwanza.

Nilianza kumwomba radhi, akasema radhi hana haja nayo, anataka kujua jambo moja tu: watu wa kwenu, siku ya kutembelea wakwe, hufunga mkono au hawafungi? Nikamwambia sijawahi kusikia desturi kama hiyo. Ndipo akanieleza. Siku ile ya kwanza jogoo alishtuka akaruka kutoka juu ya kabati, nawe ukamdaka hewani na huo mkono wa bendeji bila hata kumtazama, ukauliza umweke wapi. Naona hata hukumbuki, maana hukuandika. Tangu hapo Kogo alijua mkono ni mzima. Ila alidhani ni desturi yenu, na mtu mwenye adabu hamwulizi mgeni desturi yake. Ulipokuja umefunga wa kulia, akadhani mikono hufungwa kwa zamu. Babake Kipngetich aligombezwa kwa kuuliza.

Nikamuuliza, na mkono wa kushoto je? Akanijibu hivi: "Chai aniletee na ya kulia, hiyo sibadilishi. Lakini mpira si chai. Kwani huo mpira anapatia mimi?"

Na yule msichana wa jirani hakufukuzwa na mtu. Alipata kazi Eldoret.

Sasa nisikilize. Alhamisi panda Kapsokwony, mikono yote miwili wazi. Umwombe Kogo msamaha wewe mwenyewe, simu yangu si mdomo wako. Alidhani anakuheshimu, kumbe unamdanganya, na hilo halifurahishi hata kama tumecheka. Chai umpelekee na kulia, na ikimwagika imwagike. Mzee Job usimwaibishe mbele ya watu, mpelekee sukari, umshukuru, unyamaze.

Kipngetich, najua unasikiliza. Mchumba wako anazama, wewe unaangalia dari? Hizo habari za msichana wa jirani na kikombe cha chai ulizipata wapi? Kabla ya Desemba jifunze kufungua mdomo, na ukiufungua utoe ukweli.

Kisha Jumamosi, binti yangu, cheza na kushoto. Bega la mchezaji lina msimu wake kama mahindi. Harusi yako ina tarehe na watu wataingoja, lakini huyo kocha akirudi Nairobi bila wewe atatafuta mashoto mwingine. Wakikuchukua, keti na Kipngetich mkubaliane mtaishi wapi kabla ya harusi, si baada.

Tena Kogo amesema kumwomba kocha lilikuwa wazo la akina mama, yeye alitaka tu kuona mechi, na gari halirudishwi, wanakuja vile vile, na nyimbo wameshafanyia mazoezi. Hao akina mama wanajua mpira wa miguu peke yake. Fika uwanjani mapema, waketishe penye kivuli, na kabla ya filimbi uwaeleze kwamba katika mchezo wenu kushika mpira na mkono si kosa. Usipowaeleza, kila ukifunga goli watasimama wote, na Kogo mbele, kumwambia refa alikatae kwa sababu umeunawa.