Simu Isiyokubali Kukataliwa

Mjukuu wangu,

Huna adabu. Nimeanza na hilo lisije likanikwama kooni, sasa nakusalimu. Hujambo? Mimi mzima, isipokuwa magoti, na hayo wewe na mama yako mnajua yanakokwenda kuliko ninavyojua mimi.

Tangu uniletee ile simu yenye programu mliyoiunda ofisini kwenu, mama yako anajua kila ninapokanyaga. Nikienda kununua uzi, jioni ananipigia kuniuliza nilifuata nini kule. Nikamshuku jirani yangu, fundi viatu, kwamba ndiye mpelelezi wake. Wiki mbili sikuitikia salamu yake, na suruali aliyoniletea nimbadilishie zipu nikairudisha na zipu mbovu vilevile. Mzee wa watu, kumbe hana hili wala lile.

Juzi nikaipeleka simu kwa fundi simu. Akacheka, akaniambia mpelelezi ninatembea naye kifuani. Akanionyesha kile kiswali kinachochomoza kila asubuhi, kama nakubali kumwonyesha mama yako nilipo. Majibu ni mawili: "Ruhusu" na "Baadaye". Nikamwuliza "Hapana" iko wapi. Akasema haikuwekwa, na programu nyingi siku hizi ndivyo zinavyoundwa. Ukisema baadaye, inakuuliza mpaka uchoke. Nilichoka kweli. Nilikuwa nabonyeza Ruhusu ili inipishe nione saa.

Hebu niambie, mlikaa wangapi hapo ofisini kwenu mkakubaliana kwamba mtu mzima hana haja ya kukataa? Mimi nikimpima mteja, namwuliza nguo inambana wapi. Wewe hukuniuliza. Sasa mama yako anasema nazurura mno, nifunge cherehani nihamie kwake. Ushahidi kampa nani? Wewe.

Nilitaka kuwasema nyote wawili mpaka karatasi iishe, mkono ukagoma. Mama yako alipokuwa msichana, kila nilipotoka nilinyunyiza majivu kizingitini, nikirudi nakagua nyayo zake. Hakujua nilijuaje. Alidhani dada yake ndiye anayemchongea, na mpaka leo hawapikiki chungu kimoja. Nami nimenyamaza miaka yote hiyo. Kazi hii hukuivumbua wewe. Imetoka kwangu.

Nisalimie wenzako kazini, hata hao waliokubali. Ni mimi bibi yako, na cherehani sifungi.

Jumamosi njoo uitoe hiyo programu mbele ya macho yangu. Njoo na mama yako, na umpitie mama yako mkubwa pia. Habari ya majivu usiwaambie wewe. Waketishe, nitawaambia mwenyewe.